Deli la maji lenye bomba, pazia la helmeti na taulo la kupoza: msimu mzima wa joto saiti Kigamboni

Mimi ni fomeni wa majengo madogo. Msimu wa joto uliopita, kuanzia Desemba mpaka katikati ya Machi, nilikuwa na saiti Kibada, Kigamboni. Ni nyumba ya ghorofa moja. Siku za kawaida tulikuwa watu 14, na siku ya kumwaga zege tulizidi 30. Nilinunua vitu vitatu kwa hela yangu mwenyewe ili watu wangu wasianguke kwa joto: deli la maji la lita 20 lenye bomba, mapazia ya kuvisha kwenye helmeti, na yale mataulo wanayosema yanapoza shingo. Deli nitanunua tena bila kujiuliza. Mapazia yanafaa, ila yana jambo la kuangalia. Mataulo niliyagawa, na nitaeleza kwa nini, maana kuna mkoa ambako ningekwambia uyanunue leo.

Kilichonisukuma ni jambo lililotokea mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari, kwenye saiti nyingine. Tulikuwa tunamwaga slebu, ile sakafu ya zege ya juu. Kulikuwa na kijana saidia fundi, siku yake ya kwanza, ametoka Njombe kwenye baridi na hajamaliza hata siku tatu Dar. Nikampanga kwenye mstari wa karai tangu saa moja asubuhi, juani. Ndoo ya maji ilikuwa chini, kwenye kona ya stoo, na kikombe kimoja cha plastiki. Sisi tulikuwa juu. Na zege likishaanza halisubiri mtu. Ukisimama katikati unaacha mkato kwenye slebu, kwa hiyo kila mtu anajikaza.

Saa saba kasoro yule kijana akaanza kuongea maneno yasiyoshikana. Akaniita kwa jina la mtu mwingine. Wenzake wakasema amelewa, na mimi nikamfokea. Hiyo fokea naikumbuka mpaka leo. Nilipomshika mkono ulikuwa wa moto kama bati la saa nane, na bado jasho linamtoka. Hilo ndilo lililonichanganya, kwa sababu siku zote nilikuwa nasikia kwamba aliyezidiwa na joto ngozi hukauka. Kumbe mtu anayezidiwa akiwa kwenye kazi nzito anaweza kuwa amelowa chapachapa. Dalili ya kuishika ni kichwa: akichanganyikiwa, akiyumba, akijibu vitu ambavyo hukumuuliza, basi hiyo ni hatari ya kufa, haijalishi jasho lipo au halipo.

Mzee wetu wa mbao ndiye aliyepiga kelele: "Mwanangu, mvue viatu huyo, mmwagie maji mwili mzima!" Tukambeba mpaka kivulini, tukamvua shati na buti, tukamwagia maji ya pipa la kuchanganyia zege kuanzia kichwani, wengine wakampepea kwa mifuko mitupu ya saruji. Tuliendelea kumwagia mpaka bajaji ilipofika. Alipona. Daktari alituambia kwamba kumpoza kabla ya kumpakia ndiko kulikomwokoa, na kwamba tungekimbilia kumpakia akiwa vilevile tungefika na mgonjwa mwingine kabisa. Pia alitusifu kwa kutomlazimisha kunywa, maana mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa.

Bosi wa saiti ile alisema kijana hakuwa na afya. Mimi nilikuwa nimeiona ndoo ilipowekwa, kwa hiyo najua.

Sasa deli. Nililipata Kariakoo, mitaa ile ya vyombo karibu na Gerezani. Muuzaji alianzia 95,000, tukamalizana kwa 85,000. Ni la bluu, kifuniko cheupe cha kusokota, kuta mbili zenye povu katikati, bomba la kubonyeza kwa chini na mpini wa kubebea. Likiwa limejaa linahitaji watu wawili, maana maji peke yake ni kilo 20.

Kabla ya kulipeleka saiti nililijaribu nyumbani Jumapili. Nililijaza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikatumbukiza chupa tatu za lita moja na nusu nilizogandisha usiku, nikaliacha kibarazani ambako jua linafika mchana. Nilipofungua saa kumi jioni maji yalikuwa yanauma meno, na ndani ya chupa moja bado kulikuwa na donge la barafu la ukubwa wa yai. Kwa hiyo upande wa kutunza baridi, muuzaji hakunidanganya.

Kuhusu barafu niseme hapa hapa: gandisha maji kwenye chupa, usinunue mabonge ya barafu ya kuhifadhia samaki ukayatia humo. Huku Kigamboni barafu ya samaki ni rahisi kupata na ni bei ndogo, lakini hujui maji yake yametoka wapi na imekokotwa juu ya nini. Chupa iliyogandishwa inapoza bila kuchanganyika na maji ya kunywa, jioni unairudisha kwenye friza. Mimi nilielewana na mama ntilie anayetupikia. Friza yake ilikuwa na nafasi, nikawa namwachia chupa sita kila jioni na kumpa elfu moja ya umeme.

Kitu ambacho sikukipiga hesabu ni ukubwa. Mwongozo wa watu wa usalama kazini, hasa NIOSH ya Marekani, unasema anayefanya kazi nzito kwenye joto anywe kama robo lita kila dakika 15 mpaka 20, asisubiri kiu. Chukua dakika 20: ni mara tatu kwa saa, yaani robo tatu ya lita kwa kila mtu. Watu 14 ni lita kumi na nusu kwa saa. Deli la lita 20 linakauka kabla ya muda wa saa mbili kupita! Siku ya kwanza lilikwisha saa tatu asubuhi, nikabaki natazamana nalo. Wiki hiyohiyo nikarudi Kariakoo kununua la pili, na kando nikaweka madumu ya maji safi kivulini ya kujazia. Ukiniuliza, deli moja litoshe watu saba, tena ulijaze upya kila linapokaribia kwisha. Anayekwambia lita 20 zinatosha saiti nzima hajawahi kuhesabu.

Mwongozo huohuo unaweka na kikomo: usizidishe lita moja na nusu hivi kwa saa, kwa sababu maji mengi mno kwa mkupuo yanapunguza chumvi mwilini mpaka mtu anaumwa. Nimewahi kumwona fundi rangi anayejisifu kumaliza chupa kubwa kwa pumzi moja kila baada ya saa mbili. Hiyo siyo njia. Kidogo kidogo, mara nyingi.

Na hapo ndipo bomba linapolishinda pipa au ndoo. Kwenye ndoo mtu anachota kwa mkono wenye saruji, kikombe kinazunguka midomo 14, na mchana maji yana uvuguvugu na vumbi la mbao limeelea juu. Hakuna anayetamani kunywa. Maji baridi yanayotoka kwenye bomba safi mtu anayafuata mwenyewe. Kila mmoja nilimpa chupa yake, nikaandika kwa maka peni nyeusi: "Mzee wa Mbao", "Nondo 1", "Nondo 2", "Karai", "Winchi". Mwanzoni walicheka, baada ya wiki ukigusa chupa ya mwenzio ni ugomvi. Na chupa zikawa zinanisaidia kusimamia. Nikipita saa nne nikakuta chupa ya "Nondo 2" bado imejaa, namfuata aliko.

Deli lenyewe niliweka juu, kwenye slebu, chini ya turubai, hatua kumi kutoka kwa wanaofanya kazi. Bei yote uliyolipa inapotea ukiliweka stoo. Tofauti ya ngazi moja ya mirunda inatosha kumfanya mtu aseme "nitakunywa baadaye."

Kasoro zake ni mbili. Wiki ya tano bomba la deli la kwanza lilianza kuvuja. Washa ya ndani, kile kiduara cha kuzuia maji yasivuje, ni laini sana, ikajikunja. Fundi bomba wetu aliitoa, akaweka washa ya bomba la kawaida na kuzungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, mpaka leo halijatoa tone. Kasoro ya pili inatokana na ya kwanza: tone lile lilivuta nyuki. Februari nyuki wana kiu kama sisi. Asubuhi moja walikuwa wamejaa kwenye mdomo wa bomba, na saidia fundi mmoja aliumwa kidole alipobonyeza. Nilichofanya ni kuweka karai lenye kokoto na maji upande wa pili wa kiwanja, chini ya mwarobaini. Baada ya siku mbili nyuki wote walihamia kule. Wanatua kwenye kokoto, wanakunywa, wanaondoka.

Usafi ni kazi ya kila jioni. Fungua bomba lote, sugua ndani kwa brashi ya chupa, maana utelezi hukaa pale maji yanapogeukia. Na usitie kitu chochote chenye sukari ndani ya deli. Kuna siku fundi mmoja alitia juisi ya unga akidhani anatufurahisha, ikanichukua siku mbili kuondoa harufu.

Chumvi ya kurudishia mwili, ORS, tuliiweka kwenye chupa ya mtu binafsi: pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji, siyo kwa nusu lita kama vijana wanavyopenda ili "iwe kali." Ikiwa kali inageuka kuwa tatizo. Ukiwa huna pakiti, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja, vijiko vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Tulitumia siku za zege na siku za kupaua tu, kwa waliotoka jasho saa nyingi. Siku nyingine chakula cha mama ntilie kina chumvi ya kutosha. Mwenye presha nilimwambia aulize hospitali kwanza. Madafu ni mazuri na watu wanayapenda, ila yana chumvi kidogo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya ORS kwa mtu aliyelowa jasho tangu asubuhi. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu nilivipiga marufuku saiti. Mtu anakunywa asubuhi, moyo unamwenda mbio, uchovu anausikia akiwa ameshachelewa.

Nije kwenye pazia la helmeti. Ni kitambaa chepesi chenye mpira, unakivisha kwenye ukingo wa helmeti kinafunika shingo na masikio. Nililipa 12,000 kwa kila kimoja, nikachukua vinane vya wale wanaokaa juani muda mrefu: wa nondo na wa kupaua. Vinafanya kazi. Mzee wa mbao, ambaye shingo yake ilikuwa inababuka kila Januari, safari hii hakubabuka. Chagua rangi nyepesi, nyeupe au kijivu hafifu. Cheusi kinameza jua.

Jambo la kuangalia ni kwamba kitambaa kikiwa kipana sana kinaziba jicho la pembeni. Jamaa wa winchi nilimkataza kabisa, kwa sababu anatakiwa kuona ndoo ya zege inapopanda na kusikia akiitwa. Wengine niliwaambia wakipinde mbele ya sikio na kukibana kwa pini. Pia usikubali mtu avae kapelo chini ya helmeti badala ya pazia. Helmeti inakaa juujuu, mkanda haushiki, na siku jiwe likianguka haitafanya kazi yake. Na ukiwa unashika helmeti hizo angalia tarehe ya kutengenezwa, imechapwa ndani ya ukingo. Plastiki inayoshinda juani miaka inakakamaa, ukiibonyeza pembeni inatoa mlio. Nilizitupa nne.

Taulo la kupoza, 8,000 kila moja. Unalilowesha, unalikamua, unalipiga hewani, unaliweka shingoni. Kibada lilikuwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu tu. Baada ya dakika kumi liko sawa na mwili, na linakufanya ujisikie umefungwa shingo. Nilidhani nimeuziwa feki. Baadaye nikaenda Dodoma kumsaidia ndugu yangu kwenye msingi wa nyumba yake, nikawa nalo kwenye begi, nikalijaribu. Ile baridi nilishtuka nayo!

Taulo ni lilelile, hewa ndiyo tofauti. Linapoza kwa maji yake kukauka, na maji yanapokauka yanaondoka na joto. Hewa ya Dodoma kiangazi ni kavu, inayanywa maji upesi. Hewa ya Kigamboni imeshashiba unyevu wa bahari, haina pa kuyaweka. Na jasho letu linafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar zinaua kazi kuliko nyuzi 32 za Dodoma, na ndiyo maana anayesema "mbona joto ni lilelile tu" anakosea. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halijakupoza hata kidogo. Kwa hiyo aliye Dodoma, Singida au Shinyanga kipindi cha kiangazi, nunua. Aliye Tanga, Dar, Lindi au Zanzibar, hela hiyo ongeza kwenye deli.

Watu wananiuliza kama vitu hivi vinatosha. Havitoshi bila kubadilisha ratiba, na ratiba haiuzwi Kariakoo. Tulihamisha kazi nzito: tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, kuanzia saa sita mpaka saa tisa tunafanya kazi za kivulini, kisha tunarudi juu. Rafiki yangu aliyeko Doha, Qatar, ananiambia huko ni amri ya serikali: kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba hakuna kazi ya juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, tangu mwaka 2021. Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awawekee wafanyakazi maji safi ya kunywa, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana haki ya kuja kukagua. Maji siyo fadhila ya bosi. Bosi wangu wa Kibada aliponiuliza kwa nini naomba anirudishie 170,000 za madeli mawili, nilimwambia, "Bosi, mtu mmoja akidondoka juu ya slebu, zege lote linasimama." Alirudisha nusu. Nusu nyingine niliiacha, sina kinyongo.

Mtu mpya simpi tena karai siku ya kwanza. Wataalamu wanasema mgeni kwenye joto aanze na sehemu ya tano ya kazi ya siku, aongeze sehemu ya tano kila siku, na mwili unachukua wiki moja hadi mbili kuzoea. Ugumu wake ni kwamba kibarua analipwa kwa siku, ukimwambia arudi nyumbani saa nne anaona unamnyima mkate. Kwa hiyo nampa siku nzima, ila sehemu kubwa anakaa chini ya mwembe anakunja ringi za nondo na kunyoosha waya wa kufungia. Analipwa sawa. Ikifika siku ya sita anapanda juu na mwili umeshaanza kuizoea Dar. Chooni nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa: mkojo ukiwa kama chai ya rangi, nenda kwenye deli sasa hivi. Hata waliosema wanaona aibu wanaisoma.

Alama zangu: deli nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu ya ile washa. Pazia nyota nne. Taulo nyota moja Kigamboni, nne Dodoma.

Ukienda kununua deli, usilichukue likiwa limefungwa kwenye nailoni. Mwombe muuzaji alifungue, unuse ndani, maana mengine yana harufu ya plastiki ambayo haitoki hata kwa ndimu. Mimina chupa ya maji, bonyeza bomba mara kumi, kisha liache kwenye kaunta dakika tano uone kama chini pamelowa. Angalia kama bomba linafunguka lote kwa mkono ili uweze kusafisha, kwa sababu yapo yaliyogundishwa kabisa. Na nunua washa mbili za akiba hapohapo, ni mia tano tano.